Historia ya kiyoyozi cha chumba, na kwa nini kinavuja kwenye nyumba ya magurudumu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, naomba mnisamehe. Leo nimekuja na mada iliyo mbali kidogo na programu, ingawa mkinifuata mpaka mwisho mtaona kwamba haikuwa mbali sana.

Nina kaka anayeishi karibu na Houston, Texas. Ni mtoto wa mamangu mkubwa, kwa hivyo kwetu ni kaka tu, hatuna neno jingine. Anaishi katika zile nyumba za Kimarekani zinazojengwa kiwandani juu ya chasisi ya chuma, zikavutwa na lori mpaka kiwanjani. Mama mkubwa alikwenda kukaa naye miezi kadhaa. Yeye ana pumu ya miaka mingi. Wiki ya tatu kaka akanitumia picha: sakafu chini ya kiyoyozi imevimba kama mkate uliolowa chai, na pembeni ya ukuta kuna ukungu mweusi. Chini ya picha aliandika, "Mdogo wangu, wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Nitafutie dawa ya hiki kitu. Mama anakohoa usiku kucha."

Wenzangu wa fani hii mnajua. Ukishasoma kompyuta, kila kitu chenye waya ni chako: redio, pasi, jokofu la jirani, na sasa kiyoyozi cha Texas! Nilitaka kumjibu kwamba mimi naandika programu tu. Lakini kikohozi cha mama mkubwa si jambo la kujibiwa hivyo. Basi nikaanza kusoma, na kama kawaida yangu nikaanzia mwanzo kabisa, kwenye historia. Nililokuta huko ndilo lililotupa dawa.

MASHINE YA UNYEVU, SI YA BARIDI

Wengi wetu tunadhani kiyoyozi kilibuniwa ili watu wasitoke jasho. Sivyo. Mwaka 1902 kampuni ya uchapaji ya Sackett-Wilhelms, huko Brooklyn, New York, ilikuwa na tatizo la karatasi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, kisha hewa ikikauka hunywea. Kazi ya rangi huchapwa kwa awamu, rangi moja baada ya nyingine. Karatasi ikibadilika kipimo kati ya rangi ya kwanza na ya pili, picha haikai sawa. Kiangazi cha New York kina unyevu mwingi, na kazi ilikuwa inaharibika.

Tatizo hilo alipewa Willis Carrier, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Cornell mwaka mmoja tu kabla, akifanya kazi katika kampuni ya Buffalo Forge. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902. Alichofanya ni kupitisha hewa juu ya mabomba yaliyojaa kimiminika baridi. Hewa ilipopoa, mvuke uliokuwa ndani yake uligeuka matone, matone yakadondoka, na hewa iliyobaki ikawa kavu kuliko ilivyoingia. Lengo lilikuwa kushika unyevu wa kiwanda katika kiwango kimoja mwaka mzima. Wafanyakazi kusikia ubaridi ilikuwa bahati tu.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Mashine hii ilizaliwa ili itoe maji hewani. Maji si ajali yake, ni kazi yake! Anayefunga kiyoyozi bila kujiuliza maji yatakwenda wapi ni sawa na mtu anayeandika programu ya kutoa ripoti na kusahau kuuliza ripoti itahifadhiwa wapi.

Carrier hakuishia hapo. Mwaka 1906 alipata hataza ya mtambo wake wa kutibu hewa. Mwaka huohuo Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo huko North Carolina, ndiye aliyeipa kazi hii jina lake la Kiingereza. Kumbuka kwamba Cramer alitaka kuongeza unyevu, kwa sababu nyuzi za pamba zikikauka hukatika. Mwaka 1911 Carrier aliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani kanuni za hesabu zinazounganisha joto, unyevu na kiwango cha umande. Mpaka leo wahandisi wa viyoyozi hutumia chati zilizotokana na kazi hiyo.

Kiwango cha umande ndicho kiini cha habari yetu, kwa hivyo nieleze. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi hubeba kidogo. Ukiipoza hewa polepole, unafika kiwango ambapo haiwezi tena kuubeba mvuke wake, na maji yanaanza kujitokeza. Ndiyo sababu chupa ya soda baridi hutoka jasho mezani Mombasa. Chupa haivuji; maji hayo yametoka hewani.

Tuchukue hewa ya 32°C yenye unyevu wa asilimia 65, hali ya kawaida ya kiangazi karibu na Ghuba ya Mexico. Kiwango chake cha umande ni takriban 25°C. Kila mita moja ya ujazo ina karibu gramu 22 za mvuke. Ukiipoza mpaka 10°C, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Zinazobaki, kama gramu 12, lazima zidondoke. Kiyoyozi cha BTU 12,000 katika hewa kama hiyo kinaweza kutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Usiku mmoja ni ndoo nzima!

Hiyo BTU 12,000 nayo ina historia yake. Kabla ya mashine, ubaridi ulikuwa barafu. Watu waliuza na kununua barafu kwa tani, na hata mtambo ulipimwa kwa kulinganishwa na barafu. Tani moja ya Kimarekani ni ratili 2,000, na kila ratili ya barafu hunyonya BTU 144 ikiyeyuka. Zidisha, kisha gawanya kwa saa 24. Unapata 12,000 kamili. Kwa hiyo fundi akikuambia kiyoyozi chako ni "tani moja", anakutajia tani moja ya barafu inayoyeyuka kwa siku.

KUTOKA JUMBA LA SINEMA MPAKA DIRISHANI

Kwa miaka mingi mitambo hii ilikuwa mikubwa kama chumba. Mwaka 1925 jumba la sinema la Rivoli mjini New York lilifungwa mtambo wa Carrier, na watu wakaanza kwenda sinema kiangazi ili wapoe. Nyumbani ilikuwa vigumu, kwa sababu gesi zilizotumika, kama amonia na dioksidi ya salfa, zilikuwa na sumu. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walitengeneza gesi za Freon, zisizoshika moto wala kumdhuru anayezivuta kwa kiasi kidogo. Sasa mashine iliweza kukaa chumbani na mtu.

Miaka ya 1930 vikatokea viyoyozi vya dirishani, lakini bei ilikuwa ya matajiri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili bei ilishuka, na kufikia miaka ya 1950 viliuzwa kwa wingi. Kiyoyozi cha dirishani ni ubunifu mzuri ukikitazama kwa makini: sanduku moja, nusu ndani nusu nje. Koili ya ndani inapoza na kukusanya maji, koili ya nje inatupa joto, na chini ya zote mbili kuna sinia. Sinia hiyo hupeleka maji upande wa nje, na katika mashine nyingi feni ya nyuma ina pete inayoyachota na kuyarusha juu ya koili ya moto, ili yapotee kama mvuke na wakati huohuo yaipoze. Maji yaliyotolewa ndani yanafanyishwa kazi nje!

Lakini hayo yote yana sharti moja: maji yafike nyuma. Mashine ikiinamia chumbani, hata kwa unene wa kidole, maji yatafuata mteremko. Maji hayasomi kijitabu cha maelekezo.

NYUMBA ILIYOKUWA GARI

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Ilianza kama trela ya matembezi ya kuvutwa na gari miaka ya 1920 na 1930. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha walilala humo kwa kukosa makao. Vita vikaisha, watu wakabaki. Sheria za barabara ziliweka upana wa futi 8, karibu mita 2.4. Katikati ya miaka ya 1950 Elmer Frey, mtengenezaji wa trela huko Marshfield, Wisconsin, alipigania upana wa futi 10. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeipa nyumba hii jina la "nyumba ya kuhamishika". Kuanzia hapo haikuwa tena gari la kulala. Ilikuwa nyumba ya mtu asiyeweza kumudu nyumba nyingine.

Lakini ilibeba urithi wa gari. Ili ivutwe, lazima iwe nyepesi. Nyingi za zamani zilikuwa na nguzo nyembamba ukutani, ngozi ya alumini yenye migongo na mabonde kama mabati yetu, na sakafu ya chipbodi, yaani maranda yaliyoshikamanishwa kwa gundi. Chipbodi ikilowa huvimba, na ikivimba hairudi. Madirisha nayo mara nyingi yalikuwa ya luva, kama ya shule zetu za msingi, au ya kufungua kwa kuzungusha mkono. Kiyoyozi cha dirishani kimeundwa kwa dirisha la kupandisha juu. Basi watu walifanya wanachofanya watu popote: walichukua msumeno na kutoboa ukuta.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ujenzi na usalama wa nyumba hizi, na viwango vya kitaifa vikaanza kutumika 15 Juni 1976. Baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992 viwango vya upepo vilikazwa, vikaanza kutumika 1994. Nyumba ya kaka ilijengwa kabla ya 1976, na tundu la kiyoyozi lilitobolewa na mtu ambaye hakuna anayemjua.

Msidhani hili ni jambo la anasa. Mwaka 2023 jiji la Phoenix, Arizona, lilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika 43°C au zaidi. Katika kaunti hiyo ya Maricopa, wakaazi wa nyumba hizi ni wengi mno miongoni mwa wanaofariki kwa joto wakiwa ndani ya nyumba, kuliko sehemu yao katika makazi yote. Mwaka 2024 Arizona ilipitisha sheria ya kuwazuia wenye viwanja kuwakataza wapangaji kufunga vifaa vya kupoza. Kwa hiyo kumwambia mtu "kama kinavuja kizime" ni kumpa ushauri wa kumuua.

MAJI MATATU

Baada ya kusoma nilimpigia kaka simu. Hatukugusa silikoni wala msumeno. Nilimwomba afanye kama tunavyofanya na programu yenye hitilafu: aandike kumbukumbu. Kila asubuhi kwa siku sita aniambie mambo matatu: mvua ilinyesha au la, kiyoyozi kiliwashwa saa ngapi, na maji yalionekana wapi hasa.

Nilijua sasa kwamba maji yanaweza kuwa ya aina tatu. La kwanza ni la mvua, linalopita juu au pembeni ya sanduku. La pili ni la sinia, yaani lile la Carrier, linalorudi ndani. La tatu ni la jasho: hewa ya nje yenye unyevu inapenya kwenye nyufa, inakutana na bati baridi, na matone yanatokea hata kama hakuna kilichopasuka. Yote matatu huloweka sakafu ileile, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Siku nne za kwanza hazikuwa na mvua, na sakafu ililowa kila usiku. Hilo ni la sinia. Siku ya tano ilinyesha mchana kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na kona ya juu kulia ikatiririka. Hilo ni la mvua. Tulikuwa na hitilafu mbili zilizojificha nyuma ya dalili moja! Aliyetangulia alikuwa amepaka silikoni pande zote nne, pamoja na chini, akaziba tundu ambalo maji yangetokea. Tena hakuweka tegemeo. Sanduku la kilo zaidi ya 30 lilikuwa limekaa juu ya ngozi ya alumini, likakunja ukingo na kuinamia ndani.

Haya ndiyo tuliyofuata, kwa utaratibu huu:

1. Kuzima umeme, kutoa mashine, na kukata sakafu na ukuta wote uliooza. Ukungu ukifunikwa na ubao mpya unaendelea kula.

2. Kujenga fremu ya mbao ndani ya tundu, yenye kizingiti juu na chini, iliyofungwa kwenye nguzo za ukuta. Uzito usiachiwe ngozi ya alumini. Nje tukaongeza mikono ya chuma ya kushikilia.

3. Kwenye kizingiti cha chini kuweka bati lililokunjwa, ukingo wa ndani ukiinuliwa. Hata mashine ikivuja, bati linageuza maji kuyarudisha nje.

4. Kuweka sanduku likiinamia nje kama kijitabu cha mashine yake kinavyosema. Yake ilitaka kama sentimita 2 kwa kila mita, yaani sentimita 1 kwa sanduku la nusu mita. Mashine nyingine hutaka zikae sawa kabisa, kwa hiyo soma kwanza. Pimamaji ni lazima, macho hudanganya.

5. Nje, kuziba kwa utepe mzito wa butili unaojaza mabonde ya ngozi. Silikoni peke yake haijazi bonde. Juu ya tundu kuweka bati la kukinga mvua, ukingo wake wa juu ukipita chini ya ngozi ya ukuta.

6. Chini kutoziba. Maji yanahitaji mlango.

7. Ndani, kujaza sponji kuzunguka sanduku ili hewa ya nje isipenye. Hiyo ni dawa ya jasho.

Kuhusu nambari 5 kaka alinibishia sana. Akasema, "Ukingo wa juu wa bati uko chini ya ngozi ama juu yake, tofauti ni nini kama nimepaka silikoni?" Nikamuuliza, "Kaka, babu alipoezeka makuti alianzia wapi?" Akanyamaza, kisha akacheka. Makuti huanzia chini ya paa, na safu ya juu hulalia ya chini, ili tone likishuka lisikute mdomo uliofunguka. Babu hakuwa na silikoni, na chumba chake hakikuvuja.

Kabla ya kufunga ukuta wa ndani nilimwomba afanye majaribio. Amwage lita moja polepole kwenye sinia na aone inatokea wapi. Kisha achukue mpira wa maji, aanze kunyunyiza chini na kupanda juu kidogo kidogo, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Mama mkubwa ndiye aliyeshika tochi.

Lita ilitoka yote nje. Mpira wa maji nao ukatuonyesha kitu: kona ya juu kulia bado tone moja moja. Utepe ulikuwa umeruka bonde moja la alumini. Akafungua, akajaza, akarudia. Pakavu.

GESI NA KIGALI

Historia hii ina tawi linalotufikia sisi. Zile gesi za Midgley zilizofanya kiyoyozi kiingie chumbani ziligunduliwa kuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Gesi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini nyingi huongeza joto la dunia kwa kiwango kikubwa, na tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, Rwanda, mataifa yalikubaliana kuzipunguza. Marekebisho hayo yanaitwa kwa jina la mji huo. Kwa hiyo kiyoyozi kipya kinachouzwa Houston au Mombasa kina gesi iliyoamuliwa, kwa sehemu, hapa kwa majirani zetu.

Kaka alinunua mashine mpya, kwani ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Kila wiki mbili anaosha kichujio, maana kichujio kikiziba koili hugeuka barafu, na barafu ikiyeyuka maji huja kwa mkupuo. Mvua kubwa zimepita mara mbili tangu hapo. Juzi mama mkubwa alinipigia mwenyewe. Hakusema neno kuhusu kiyoyozi. Aliniuliza nitaoa lini, akaongea dakika arobaini, na hakukohoa hata mara moja.

Haya, tuonane wakati mwingine. Nikirudi nitaendelea na ule mfululizo wetu wa hifadhidata, sijausahau!